Jahazi la Elimu Lahitaji Mbao za Kiswahili

Sahibu yangu mmoja wa Lamu alikuwa mshona kofia za vito. Kwa zaidi ya miaka thelathini sindano ilimtii. Siku moja mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, kisha hatua zikafupika na sauti ikafifia. Wako waliosema ni uzee, na wako waliosema amepagawa. Alipofika hospitali moja alipewa karatasi ya Kiingereza akaambiwa atie sahihi. Akatia. Tulipotoka nje akaniuliza: "Ndugu yangu, nimekubali nini?" Nilikosa la kumjibu, kwani karatasi yenyewe ilibaki ndani.

Swali hilo lilinirudia niliposoma habari za kiunzi kiitwacho ResearchKit. Kilitangazwa na kampuni ya Apple mjini San Francisco, Marekani, tarehe 9 Machi, 2015. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo maandishi yake ya ndani yakawekwa wazi, fundi yeyote ayasome, ayatumie na ayarekebishe bila ya malipo.

Kiunzi hicho ni kitu gani? Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kusimama pwani ukamtazama fundi akiunda jahazi. Kwanza hulaza mkuku, kisha husimamisha mataruma, na mbao hufuata. Basi mabwana hawa wametoa mkuku na mataruma. Mtafiti anayetaka programu ya simu ya kuchunguza maradhi haanzi tena na gogo la msituni. Huzikuta tayari sehemu tatu: ya kwanza humweleza mtu utafiti na kupokea ridhaa yake, ya pili huuliza maswali, na ya tatu humpa majaribio madogo ayafanye mwenyewe nyumbani kwake.

Programu tano ndizo zilizotangulia: ya pumu, ya kisukari, ya moyo, ya saratani ya matiti, na ya ugonjwa wa Parkinson, ambao ndio uliomshika sahibu yangu. Hiyo ya mwisho, mPower, ilimtaka mtu agonge kioo cha simu kwa vidole viwili kwa zamu, avute sauti ya "aaa", kisha aende hatua chache na kurudi, simu ikiwa mfukoni. Ile ya moyo, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, ilipata watu zaidi ya 10,000 kwa muda wa saa 24 tu.

Nilistaajabu, na papo hapo nikahuzunika. Mshona kofia wa Lamu asingehesabiwa miongoni mwa hao, kwa kuwa hana simu ya bei ile wala hasomi Kiingereza. La simu lilipata dawa mwaka 2016, wataalamu wa Cornell Tech na wenzao walipotoa ResearchStack kwa ajili ya simu za Android, ambazo ndizo zilizojaa mikononi mwetu. Wala Kenya si ngeni katika mambo haya. Kiunzi kingine cha wazi, ODK, kilichoanza Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, kilitumiwa na AMPATH ya Eldoret, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba na simu zao.

Lililobaki ni la lugha, na hapo ndipo mwaliko unapotuhusu. Vyombo hivi vikiwekwa wazi, kila mwenye ujuzi huitwa alete ubao wake. Vijana wetu wa kompyuta wataleta hesabu zao. Nasi wazee wa lugha je? Mwana wa dada yangu, anayesomea kazi hiyo Mombasa, alinijia na sentensi moja ya Kiingereza. "Mjomba, hii tuiseme vipi?" Tukakaa nayo tangu laasiri hata magharibi. Alikuwa ameandika "idhini". Nikamwambia la, idhini hutolewa na mwenye amri, bali ridhaa hutoka moyoni. Chuoni mwalimu wetu hakutuachia kuruka hata herufi moja. Sembuse neno linalobeba mwili wa mtu!

Nikamtahadharisha pia kwamba kuwa wazi kwa chombo si kuwa wazi kwa siri za mgonjwa. Habari za mwili ni amana, na hapa Kenya iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Mwisho tukapata hivi: "Waweza kujitoa wakati wowote upendao, wala hutaulizwa sababu." Nikaichukua hadi Lamu nikamsomea sahibu yangu barazani. Alinyamaza kitambo, mkono wake ukitetemeka juu ya goti.

"Kumbe mtu aweza kujitoa?" akauliza.

"Aweza."

"Hilo hawakuniambia," akasema. "Nisomee tena, tangu mwanzo."

Nikamsomea. Vijana wenye kompyuta na wazee wenye maneno, sentensi zilizobaki ni nyingi. Njooni tuzikalie.