GOAT: Mbuzi Aliyepandishwa Cheo

Ita msee mbuzi pale base uone venye ngori itaanza. Lakini mwite GOAT, manze, atatembea kifua mbele wiki mzima. Mnyama ni yule yule.

Kwa Kiingereza cha kitambo sana, gat ilikuwa mbuzi jike pekee; dume alikuwa na jina lake, bucca. Hiyo haikuwa na noma. Noma ilikuja 1530, William Tyndale akitafsiri vitabu vya Musa. Kufika Walawi 16, kwa yule mbuzi wa Azazeli mwenye anabebeshwa dhambi za kila mtu halafu anafukuzwa jangwani, akamtungia jina: scapegoat. Sisi tunajua mbuzi wa kafara. Wamarekani nao wakazoea kuita goat mchezaji mwenye ameangusha timu. Bill Buckner wa Boston aliitwa hivyo 1986, baada ya mpira wa besiboli kumpita katikati ya miguu kwa fainali. Mashabiki walimtusi miaka na miaka, na buda hakucheza peke yake. Hiyo huniuma hadi wa leo.

Mwenye alipindua meza ni Muhammad Ali. Jamaa alijiita mkuu kuliko wote tangu akiwa bondia barobaro, na 1992 mkewe Lonnie akasajili kampuni ya kusimamia jina lake: G.O.A.T. Inc., herufi za kwanza za Greatest of All Time. 2000, LL Cool J, rapa wa Queens, akaipa albamu yake jina hilo, ikaingia chati ya Billboard ikiwa namba moja. Mtaa ukadaka. Kamusi ya Merriam-Webster iliiandika 2018, na wasee walikuwa washaibonga kitambo.

Ndio maana nadai tuiheshimu. Siku hizi msee akiposti picha moja fiti, komenti zote ni GOAT. Zii! Messi na Ronaldo, sawa, hiyo debate inaweza kesha hadi che. Lakini cheki Faith Kipyegon. Dhahabu ya Olimpiki mita 1500: Rio, Tokyo, Paris. Mfululizo. Na kati ya Rio na Tokyo alikuwa amezaa mtoto, akarudi mazoezini. Kabla yake hakuna mtu, msupa ama chali, alikuwa ameshinda hiyo mbio Olimpiki mara tatu.