Habari Ifike Kama Ilivyotoka



Wakristu wapenzi, amri ya nane yatukataza kusema uongo. Lakini hata habari ya kweli yaweza kugeuka uongo njiani, ikipelekwa ovyo. Sikilizeni basi namna ya kuipeleka vema.

Kila habari yahitaji mpelekaji, mpokeaji, njia, na lugha ambayo wote wawili waijua. Tena yahitaji jibu la kusema: "Nimeipata."

Wazee walilijua jambo hili. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alitoa kitabu mwaka 1949 juu ya ngoma za Walokele. Ngoma zile zina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa hiyo, katika lugha yao, neno "mwezi" na neno "kuku" husikika sawasawa katika ngoma. Basi mpigaji hakupiga neno tupu. Alipiga "mwezi utazamao nchi", au "kuku mdogo aliaye kiokio". Aliongeza maneno ili maana isipotee.

Simu nayo yatumia alama mbili tu, sifuri na moja. Barua au picha huandikwa kwa alama hizo, hukatwa vipande, na vipande hutiwa namba. Mara nyingi chombo kipokeacho huvikagua; kimoja kikikosekana, hupelekwa tena.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Katika Haut-Lomami kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mtu akituma neno "Watu wanakufa huku", mganga hajui aende wapi, na wengi hukimbia bure. Afadhali aseme: kijiji gani, wagonjwa wangapi, tangu siku gani, wanaharisha au wanatapika, nani aliyewaona kwa macho. Mpokeaji ayarudie maneno hayo, na mpelekaji asahihishe. Majina ya wagonjwa aambiwe mganga tu, yasitangazwe kwa watu wote.

MAULIZO

Je, yatosha kwamba nimetuma habari?
Hapana. Yafaa nijue kwamba imefika, na kwamba imefahamika.

Nikipata habari nisiyoijua asili yake, nifanye nini?
Nimwulize aliyeituma kama ameona mwenyewe. Asipojua, nisiipeleke mbele.

Kwa nini?
Kwa sababu jina jema la jirani, na pengine uzima wake, umo katika maneno yangu.