Gauni la pamba lililozua kelele Paris

Mwaka 1783, katika maonyesho ya sanaa ya Paris, ilitundikwa picha ya malkia wa Ufaransa, Marie Antoinette, iliyochorwa na mwanamke, Élisabeth Vigée Le Brun. Haikukaa. Watazamaji walilalamika mpaka ikaondolewa, na mchoraji akaleta nyingine yenye malkia yuleyule ndani ya hariri, ua la waridi likiwa bado mkononi. Kosa la picha ya kwanza lilikuwa nguo. Malkia alivaa gauni jeupe la pamba nyepesi lililofungwa mkanda kiunoni. Kuna waliosema amejitokeza hadharani na nguo ya ndani, na wengine wakamshutumu kwamba anawaua wafumaji hariri wa Lyon.

Msomaji wa Bariadi, Maswa au Itilima, mkoani Simiyu, aliyekua akiona pamba imelundikwa ghalani kila msimu, ana haki ya kushangaa. Kitambaa cha pamba kilimkosea nani?

Tuanze na nguo ambazo wanawake matajiri wa Ulaya walikuwa wamezizoea. Zama za Rokoko zilishamiri chini ya Mfalme Louis XV, aliyetawala hadi mwaka 1774, na gauni kuu la zama hizo lilifunguka mbele kama joho. Mgongoni, marinda mapana yalianzia shingoni yakateremka hadi sakafuni bila kugusa kiuno. Chini ya joho kulikuwa na sketi, na kifuani kipande cha pembetatu kilichobanwa kwa pini kila gauni lilipovaliwa. Ndani zaidi kulikuwa na shimizi ya kitani, kisha kizibao kigumu kilichoimarishwa kwa vichujio vya kinywani mwa nyangumi, na kiunoni zilifungwa fremu zilizotanua nyonga kulia na kushoto. Katika mavazi rasmi ya ikulu fremu hizo zilikuwa pana kiasi kwamba mvaaji alipita mlangoni kwa ubavu. Ukitaka kuona fahari hiyo yote mahali pamoja, tazama picha ya Madame de Pompadour iliyochorwa na François Boucher mwaka 1756: gauni limefunikwa riboni na maua ya waridi kutoka kifuani hadi chini.

Kinachonivutia zaidi mimi ni ushonaji wa magauni hayo. Cherehani haikuwapo, kila kitu kilishonwa kwa mkono. Hariri ya Lyon ilifumwa kwa upana wa takriban nusu mita, hivyo gauni moja lingeweza kumeza mita 15 au zaidi. Kitambaa kiligharimu kuliko kazi ya fundi, kwa hiyo mafundi waliepuka kukikata ovyo na walitumia mishono iliyofumuka kwa urahisi. Mtindo ukibadilika, gauni lilifumuliwa na kushonwa upya. Magauni mengi yaliyohifadhiwa katika makumbusho bado yana vitundu vya sindano vya mshono wa awali. Mfuko nao haukushonewa kwenye gauni. Ulifungwa kiunoni kwa utepe, na mkono ukaufikia kupitia mpasuo wa ubavuni. Bibi anayefunga fedha kwenye pindo la khanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika ulimwengu huo pamba ilikuwa mgeni kutoka India, na mgeni aliyeogopwa. Wahindi walijua siri ambayo Ulaya ilichelewa kuijua. Hariri na sufu ni protini na hushika rangi upesi, lakini pamba ni selulosi, ambayo rangi nyingi za asili haziishiki, huoshwa na maji. Mafundi wa India walitibu kitambaa kwanza kwa shabu, rangi ikashikamana na nyuzi, na maua yaliyochapwa yakastahimili maji na sabuni. Wafumaji wa Ufaransa waliona riziki yao inaondoka, na mwaka 1686 serikali ikapiga marufuku vitambaa hivyo vya maua. Marufuku ilidumu hadi mwaka 1759, na muda wote huo watu waliendelea kuvinunua kwa magendo.

Nguvu ya pamba inaonekana shambani. Kila unyuzi wake ni seli moja tu, inayoanza kuchomoza kwenye ganda la mbegu siku ua linapochanua. Kwa muda wa wiki tatu hivi hurefuka, kisha ukuta wake hunenepa kwa selulosi. Baada ya takriban siku 50 kitumba hupasuka, unyuzi hukauka, hubonyea na kujipinda. Mipindo hiyo ndiyo inayofanya nyuzi zikamatane zinaposokotwa. Tena pamba ikilowa huwa imara zaidi, ilhali hariri hudhoofika. Nguo inayoweza kuchemshwa, kufuliwa na kuanikwa kila wiki, hariri ingeishindaje?

Ushindi huo ulikuwa na gharama ya kutisha. Uingereza ilibuni mashine za kusokota, Marekani ikapata mashine ya kuchambua pamba mwaka 1793, na mashamba ya kusini mwa Marekani yakapanuka kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Sehemu ya pamba hiyo ilifumwa Massachusetts ikawa kitambaa kigumu ambacho hakijapaushwa. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said, kitambaa hicho kilimiminika Zanzibar, na hapa kwetu kikaitwa merikani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba merikani na kaniki kwenda bara na pembe za ndovu kwenda pwani. Merikani ilivaliwa, na pia ilitumika kama fedha. Nguo ya pamba iliyovunwa na Waafrika waliotekwa ikawavisha Waafrika waliobaki nyumbani. Sijui jambo katika historia ya mavazi linaloniumiza kuliko hilo.

Usukuma baadaye ukawa nchi ya wakulima wa pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha mbegu zenye majani ya vinyweleo vinavyomzuia chawajani, na ndicho chanzo cha herufi UK kwenye majina ya mbegu kama UK91. Katika miaka ya 1950 wakulima walijenga ushirika wenye nguvu wakiwa na Paul Bomani, ili mizani na bei visibaki mikononi mwa wanunuzi peke yao. Leo Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, unaongoza nchini kwa pamba. Kwenye kinu cha kuchambulia, takriban theluthi moja ya uzito wa pamba mbegu ndiyo hutoka ikiwa pamba nyuzi. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mbegu, ambayo hutoa mafuta na mashudu. Marobota mengi ya pamba nyuzi husafirishwa nje yakiwa hivyo hivyo.

Katika mkoa huo, Wilaya ya Meatu ina habari ya kipekee. Tangu mwaka 1994 wakulima wake hulima pamba hai, bila viuatilifu wala mbolea za viwandani, chini ya mradi wa bioRe, na pamba hiyo hushonwa nguo zinazouzwa Uswisi. Kwa hiyo yupo mwanamke wa Zürich aliyevaa jasho la wakulima wa Mwamishali, huko Meatu, na mimi ningependa mwanamke wa Bariadi naye alivae.

Basi ukinunua gauni au kitenge mnadani, chomoa uzi mmoja pindoni uuchome kwa kiberiti, mbali na kitambaa. Ukiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu, ni pamba au uzi mwingine wa selulosi. Ukiyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu cheusi, ni plastiki, hata muuzaji akiapa. Pima kabla ya kulipa.