Filta ya Hewa: Kavu au ya Kupakwa Oili?

Injini ya petroli ya lita 1.5, kama ile ya Toyota Probox, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, huvuta karibu lita 2,250 za hewa kila dakika. Ni hewa ya kujaza mapipa 11 makubwa, yale ya lita 200. Gari hilo likiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, linavuta hewa hiyo pamoja na kila kilichomo ndani yake. Kinachoizuia takataka isifike kwenye injini ni filta moja tu, na mwenye gari anayeingia duka la spea anaweza kujikuta akichagua kati ya mbili: ya karatasi ya kawaida, au ile ya kuoshwa na kupakwa oili.

Hiyo ya pili ina sifa kubwa vijiweni. Husemwa kwamba inaongeza nguvu, inapunguza ulaji wa mafuta na inanunuliwa mara moja tu. Lakini kwa gari la kila siku linalopita kwenye vumbi, filta kavu ya karatasi ndiyo chaguo bora, mradi iwe nzima, ikae sawasawa na ibadilishwe kwa wakati.

Tuanze na adui mwenyewe. Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe zinazotisha zaidi si zile zinazoonekana kwa macho, bali zile ndogo za mikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Safu ya oili inayotenganisha ringi za pistoni na ukuta wa silinda ni mikroni chache tu. Chembe inayoizidi unene safu hiyo hukwaruza pande zote mbili kila pistoni inapopanda na kushuka. Matokeo yake kila fundi anayajua: injini inaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka nyuma, nguvu inapungua, na hatimaye injini inafunguliwa yote.

Filta ya karatasi huukabili mchanga huo kwa nyuzi zilizosongamana, zilizokunjwa mikunjo mingi ili eneo la kuchuja liwe kubwa ndani ya boksi dogo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hunasa vizuri zaidi ikishatumika kidogo, kwa sababu vumbi la mwanzo huziba matundu makubwa na lenyewe kuwa sehemu ya chujio. Filta ya kupakwa oili hutumia pamba iliyobanwa kati ya nyavu za waya. Nyuzi zake zina nafasi kubwa zaidi, na oili inayonata ndiyo inayokamata chembe. Kampuni ya K&N, iliyoanzishwa California mwaka 1969, ndiyo iliyoipa umaarufu duniani. Hata hivyo, kutumia oili kunasa vumbi ni mbinu ya zamani: Land Rover za kale na matrekta ya Massey Ferguson yalikuwa na bakuli la oili ambalo hewa ililipitia kwanza, nalo vumbi likabaki humo.

Filta hupimwa maabara kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 5011, ambapo vumbi maalumu hupulizwa na kinachopita hupimwa kwa uzito. Filta nzuri ya karatasi hunasa zaidi ya asilimia 99. Zile za pamba na oili kwa kawaida hutajwa kuwa kati ya asilimia 96 na 99. Tofauti inaonekana ndogo mpaka mtu ahesabu kinachopita badala ya kinachonaswa. Katika kila gramu 100 za vumbi, filta ya asilimia 99 inapitisha gramu 1. Ya asilimia 97 inapitisha gramu 3, yaani mara tatu zaidi.

Na nguvu inayosifiwa? Kwenye gari la kawaida la petroli, hewa hubanwa zaidi na kile kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Katika mwendo wa kawaida kilango hicho kiko nusu wazi tu, hivyo wepesi wa filta hauna cha kuongeza. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha majaribio ya magari yenye filta zilizozibwa makusudi. Kwenye magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoharibika ni wepesi wa kuchomoka. Gari la kabureta, Dodge Charger la mwaka 1972, ndilo lililonufaika kwa asilimia chache za mafuta baada ya kuwekewa filta safi. Kama filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwenye gari la kisasa, ni vigumu kutegemea iliyo nyepesi zaidi iupunguze.

Kuna hatari nyingine mbele kidogo ya filta. Magari mengi ya siku hizi yana sensa ya kupima hewa, yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Oili ikizidi kwenye filta, inaweza kuvutwa na kuupaka waya huo, vumbi likagandia, na kompyuta ikasoma hewa pungufu kuliko inayoingia. Taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu. Watengenezaji wa filta hizi wanasema hilo halitokei oili ikiwekwa kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho kinachokosewa gereji.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Filta hupakwa dawa yake, husuuzwa kwa maji ya taratibu kutoka upande msafi kwenda mchafu, kisha huachwa ikauke yenyewe bila kompresa wala moto. Baadaye kila mkunjo hupewa mstari mwembamba wa oili maalumu, na hungojewa ienee hadi madoa meupe yaishe. Anayeosha kwa petroli na kupaka oili ya injini anabaki na kitu kisichochuja vizuri na kinachodondosha. Ndiyo maana oili huwafaa sana waendesha pikipiki za motokrosi: filta zao za sponji huoshwa baada ya kila safari, na hakuna sensa ya waya ya kuchafuliwa.

Anayechagua karatasi naye ana wajibu. Toyota nchini Marekani hupanga filta ibadilishwe kila maili 30,000, karibu kilomita 48,000, lakini kwenye vumbi ikaguliwe kila maili 5,000, sawa na kilomita 8,000. Tabia ya kuipeleka kituo cha mafuta ipulizwe kwa kompresa ni ya kuachwa, kwa kuwa upepo mkali huchana nyuzi bila mtu kuona. Kupunguza vumbi kabla halijafika nako kunasaidia sana. Timu za Safari Rally kule Naivasha hufunga bomba refu linalovuta hewa juu ya wingu la vumbi. Dereva wa kawaida anaweza kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, fungua boksi, toa filta, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, bila kuigusa sensa. Kikitoka na vumbi, kagua kwanza mpira wa filta, klipu na boksi lenyewe kama limepasuka, kwa sababu huenda hewa inapita pembeni, na hapo hakuna filta mpya itakayosaidia, iwe kavu au ya oili.