Yungiyungi la Siku Moja: Usilihukumu Mwaka wa Kwanza



Kwa miaka yote niliyokuwa mwalimu, sikupata kumpima mwanafunzi mgeni kwa mtihani wake wa kwanza. Nilijua kwamba mtoto aliyehamishwa huhitaji muda wa kuzoea sauti na sura mpya kabla ya kudhihirisha alichonacho. Ajabu ni kwamba nilipostaafu na kuingia bustanini, hekima hiyo niliiacha mlangoni.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Leicester pana kiwanja kidogo, na upande unaopata jua nimepanda maua ambayo napenda kuyaita mayungiyungi ya siku moja. Jina lake la kitaalamu ni Hemerocallis, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya siku na uzuri. Jina hilo ni la kweli tupu: ua hufunguka asubuhi, na usiku likanyauka. Sisi tuliokulia pwani twaijua hali hiyo kwa asumini, ambayo huchumwa jioni, ikatungwa na kuvaliwa, na kesho yake imekwisha. Lakini yungiyungi hili lina hazina. Bua moja huweza kubeba matumba kumi, ishirini au zaidi, nayo hupokezana zamu siku baada ya siku. Ua hufa leo, na mmea ukaendelea kuchanua kwa majuma kadhaa.

Asili yake ni China, Japani na Korea, ambako matumba yake huliwa, na yaliyokaushwa huuzwa katika maduka ya Wachina. Katika karne ya 20 Wamarekani waliyazalisha kwa bidii kubwa. Mmoja wa waliofungua njia ni A. B. Stout wa Bustani ya Mimea ya New York, aliyetoa kitabu juu ya maua haya mwaka 1934. Leo aina zilizoandikishwa zimepita 80,000. Kwa wingi huo, picha ya kwenye pakiti haimtoshi mtu kuchagua. Hana budi kupanda na kulinganisha.

Mimi nilianza na aina nne. Ya kwanza ni fulva, yenye rangi ya machungwa iliyokolea, ngumu kama magugu na yenye kutambaa hata kwa jirani. Ya pili ni 'Hyperion', iliyozalishwa Marekani katika miaka ya 1920: ndefu karibu mita moja, manjano safi, tena ina harufu nzuri. Ya tatu ni 'Stella de Oro' ya mwaka 1975, fupi ya kimo cha goti, ambayo huchanua mapema na kurudia tena na tena. Ya nne ni 'Catherine Woodbery', ya waridi hafifu inayoelekea zambarau.

Mwaka wa kwanza 'Stella' ilinifurahisha kwa maua mengi. 'Catherine' ilitoa bua moja jembamba, na maua machache yaliyopauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Niliandika daftarini, "Haifai," nikaing'oa kabla ya majira ya baridi na kumpa jirani yangu, mzee wa Kipunjabi, aipande penye nafasi.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja ya Julai, mzee yule aliniita juu ya ua wa mbao: "Masterji, njoo ulione ua lako." Nilihesabu mabua tisa, yote yamejaa. Nilisimama pale nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikaona haya. Kosa halikuwa la mmea. Lilikuwa la hakimu.

Na 'Stella' niliyoisifu? Mwaka huohuo matumba yake mengi yalivimba, yasifunguke. Nilipopasua moja nilikuta mabuu madogo meupe. Ni kazi ya inzi mdogo mno aliyeonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Yeye hutaga mayai katika matumba ya mwanzo wa msimu, kwa hiyo aina zinazotangulia kuchanua ndizo huumia zaidi, na zinazochelewa aghalabu husalimika. Dawa ni kuyachuma matumba yaliyovimba mapema na kuyateketeza, wala usiyatupe kwenye mboji.

Basi tangu siku ile nalinganisha kwa kanuni. Kwanza, aina zote zipate jua lilelile, angalau saa sita kwa siku, na udongo uleule. Udongo wetu hapa ni wa mfinyanzi, nami huuchanganya na mboji. Pili, naandika siku ya ua la kwanza na la mwisho, idadi ya mabua, idadi ya matumba katika kila bua, na kama ua hufunguka vizuri baada ya usiku wa baridi, maana yako yanayokwama nusu. Tatu, sitoi hukumu kabla ya mwaka wa tatu.

Kwa atakayeanza: chagua aina ambazo majani yake hufa wakati wa baridi na kuchipua tena, zile zisizopoteza majani aghalabu hupendelea nchi za joto. Panda majira ya kuchipua au mwanzoni mwa vuli. Mmea huu hauna kitunguu kama yungiyungi halisi, bali mizizi minene. Itandaze juu ya kichuguu kidogo cha udongo ndani ya shimo, kisha ufukie ili mahali majani yanapoanzia pawe chini ya udongo kwa sentimita mbili au tatu. Acha nusu mita baina ya mmea na mwenzake, na umwagilie vizuri mwaka wa kwanza. Kila baada ya miaka minne au mitano ung'oe na kuugawa kwa sepeto.

Onyo moja: wenye paka wasipande kabisa. Sehemu yoyote ya mmea huu ikiliwa na paka, hata kidogo, huweza kumharibu figo na kumuua.

Mzee wangu alinirudishia kipande cha 'Catherine'. Mwaka wa kwanza kilitoa bua moja, jembamba vilevile. Safari hii daftarini niliandika tarehe tu. Mwaka jana, ambao ulikuwa wake wa tatu, nilihesabu mabua saba.

Septemba hii nitaigawa 'Hyperion'. Atakayetaka kipande aje mkutanoni na mfuko wa plastiki, na asije kunilalamikia kabla ya kiangazi cha tatu.

Wasalaam.