Kwa Nini Mwamba wa Mchanga Haupandwi Baada ya Mvua

Katika jangwa la Wadi Rum, kusini mwa Yordani, imesimama milima ya mawe ya mchanga iliyo wima kama kuta. Jabal Rum, mmojawapo wa milima hiyo, una kimo cha zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tangu kale Mabedui wameipanda wakiwinda mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda. Mwaka 1984 Mwingereza Tony Howard na wenzake walianza kuzichunguza njia zake, na tangu hapo wapandaji wa nchi nyingi huenda huko.

Wapandaji wa miamba ya namna hii wana mwiko mmoja: mvua ikinyesha, mwamba hauguswi mpaka ukauke. Utelezi si sababu kubwa. Sababu yenyewe imo ndani ya jiwe.

Miaka milioni 500 hivi iliyopita, mito ilitandaza mchanga juu ya miamba ya kale ya itale. Mchanga huo uligandamizwa, na punje zake zikashikamanishwa na madini yaliyoletwa na maji. Punje moja moja ni za kwatsi, madini magumu kuliko chuma. Hata hivyo, nguvu ya jiwe zima hutegemea gundi iliyo kati ya punje hizo. Gundi ya silika ni imara. Ya udongo wa mfinyanzi ni dhaifu.

Maji ya mvua hupenya katika vitundu vidogo vilivyo baina ya punje. Udongo ulio ndani hulainika na mshikamano hupungua. Baadhi ya mawe ya mchanga hupoteza nusu ya nguvu zake, au zaidi, yanapolowa.

Kwa mpandaji, hilo ni jambo la uhai. Yeye hushika kingo nyembamba za jiwe, na huchomeka vyuma katika nyufa ili vizuie kamba yake akianguka. Jiwe likiwa limelowa, ukingo uliombeba mtu jana waweza kumeguka leo, na chuma kikivutwa kwa ghafla chaweza kubomoa ufa na kung'oka. Tena ukingo uliomeguka haurudi. Njia huharibika daima.

Hatari huongezeka kwa kuwa jua na upepo hukausha uso wa mwamba mapema, ilhali ndani mna unyevu bado. Kwa hiyo wapandaji wenye busara huchimbua mchanga ulio chini ya mwamba. Ukiwa na unyevu, huahirisha safari. Mara nyingi hungoja siku moja hadi tatu, na zaidi penye kivuli.

Wahandisi nao hulipima jiwe la kujengea likiwa kavu, kisha likiwa limelowa, kwa sababu iyo hiyo.