Sarafu Haijahama

"Anko, fungua mkono!" Mtoto wa jirani, hapa Majengo, Songea, alikuwa na hakika. Nikafungua mkono wa kulia: mtupu. Akachungulia mpaka ndani ya mkono wa sweta (Julai ya Songea huachi sweta ndani), shilingi 200 haipo. Ilikuwa bado kushoto, haijahama.

Haya ni mazingaombwe ya siku nyingi. Sarafu unaishika kwa ncha za vidole vya kushoto. Mkono wa kulia unakuja kama wa kuichukua, kidole gumba kikipita chini yake; hapo hapo unaiachia, inadondoka kiganjani kushoto. Wa kulia unafumba ngumi na kuondoka. Wiki ya kwanza nilikamatwa kila siku, maana nilikodolea macho mkono wenye sarafu, kama mwizi anayepapasa mfuko wake mwenyewe. Nilipoanza kuitazama ile ngumi tupu, mtoto naye akaitazama.

Husemwa mkono wa mwanamazingaombwe una kasi kuliko jicho. Wala. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, waliwaonyesha watu video ya mtu anayerusha mpira juu mara mbili, kisha akajifanya anarusha tena huku macho yake yakipanda. Takribani theluthi mbili walisema wameuona ukipaa. Lakini kifaa kilichofuatilia mboni zao kilionyesha kuwa macho yao hayakuufuata huko juu. Wengi walikuwa wakimtazama usoni. Mpira waliuona akilini tu. Ubongo hupata habari za jicho kwa kuchelewa, kama sehemu ya kumi ya sekunde, basi hukisia kinachofuata. Bila kukisia huko, hata chungwa ulilorushiwa usingelidaka.

Wacheza karata tatu wanalijua hilo bila maabara. Mkono mmoja unashika karata mbili, unaonyeshwa ya chini, inayorushwa ni ya juu. Pembeni wapambe "wanashinda" kwa kelele. Hao sicheki nao: kwenye mazingaombwe ya shuleni kiingilio unalipa ukijua unakwenda kudanganywa; kwao hujui.

Mtoto aliiazima sarafu yangu siku tatu. Jana akanifanyia, ulimi nje kwa umakini, macho yamegandia mkono wa kushoto. Nikafungua ngumi yake ya kulia taratibu, nikashangaa kwa sauti.